Ndege Ile

"Nataka lenzi ya kupigia picha ndege," shemeji yangu aliniambia, kasimama upande wa wateja kana kwamba hatujuani.

Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila anayetaka lenzi ya aina hiyo. "Ndege gani?"

Akainamisha uso, akaanza kufuta kioo cha kaunta kwa kiganja. Kioo kilikuwa safi, nilikuwa nimekifuta mwenyewe asubuhi. "Hawa wa nyumbani," akasema. "Mbayuwayu. Wakiwa wanaruka."

Mimi nauza kamera na lenzi zilizotumika, mwaka wa ishirini na mbili sasa, kwenye duka jembamba kati ya kinyozi na fundi viatu, na ulimi wangu wateja wanaujua. Swali lile siulizi kwa umbeya. Mwewe anaelea taratibu, hata ukiwa na lenzi ya kujikongoja utampata. Njiwa anakwenda moja kwa moja. Lakini mbayuwayu, jamani! Mbayuwayu anageuka hewani kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau ufunguo. Ukimtaka huyo, lazima uwe na kamera inayokamata fokasi upesi na kupiga picha kumi kwa sekunde, na lenzi ambayo mkono wako utaibeba kutwa bila kulia. Nikamweleza yote hayo, kisha nikamchokoza: "Na wewe toka uzaliwe hujapiga picha ya kitu kinachotembea. Hii imetoka wapi?"

"Dada yako ndiye anataka."

Mtaani shemeji yangu anaitwa Tulia. Kwa miaka thelathini na tano alikuwa na studio ya picha za vitambulisho na za familia, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha kuzunguka, na kila aliyekikalia kile kiti aliambiwa neno hilohilo: "Tulia." Watoto wachanga waliambiwa tulia. Maharusi waliambiwa tulia. Alikuwa anasubiri mpaka hata kope zimetua, ndipo anabonyeza. Watu wote kwenye picha zake wanaonekana kama wamesomewa hukumu sasa hivi, lakini hakuna aliyetikisika, na vifungo vya shati unaweza kuvihesabu.

Mkewe ni dada yangu mkubwa, naye alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Kufundisha alistaafu, kusahihisha watu hakustaafu. Siku ya harusi yake alimsahihisha mshereheshaji hadharani, tena kwenye kipaza sauti. Mimi alinilea yeye tangu nikiwa na miaka tisa, mama yetu alipofariki, kwa hiyo nilikula kwake, nikalala kwake, nikasahihishwa kwake. Ole wako useme "ndege inaruka" na huko juu ni kunguru! Kijiko kinawekwa chini. "Inaruka? Ina injini? Mwenye moyo ni yule, anaruka. Yenye injini ni ile, inaruka. Haya, rudia." Narudia, mdomo umejaa chakula. Nina miaka hamsini na nne, na mpaka leo nikisikia mtu amekosea hapo, shingo yangu inakakamaa.

Mtoto walijaliwa mmoja tu, binti. Alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali, akafia hukohuko, akazikwa hukohuko. Nitarudi hapo.

Mwaka huu, mwezi wa pili, dada yangu akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala wote, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Daktari hakuficha: cha pili kikija, hakitamwacha. Maneno yakamwishia, yakabaki machache, yanatoka moja moja kwa jasho. "Maji." "Dirisha." Na kuanzia wiki ya tatu, kila siku, anamkazia mumewe macho na kusema, "Picha." Anapumzika kidogo. "Ndege ile."

Ndivyo shemeji yangu alivyonieleza pale kaunta. Mbayuwayu wana viota chini ya bati juu ya dirisha la chumba, akasema, mgonjwa anawasikia kutwa lakini hawezi kujigeuza awaone.

"Amesema ndege ile?" nikauliza. "Dada yangu mimi? Ile?"

"Ugonjwa umemvuruga kichwa, shemeji," akasema kwa upole. "Hata ngeli zimempotea."

Nililia palepale, mteja aliyekuja kuulizia betri akageuzia mlangoni. Kupooza nilikuwa nimekubali. Kulishwa kwa kijiko nilikuwa nimekubali. Lakini dada yangu apotelewe na ngeli! Hilo lilinichoma kuliko yote. Na sikuwa na sababu ya kumtilia shaka mtu aliyekuwa akimwogesha mke wake kila asubuhi kwa mikono yake mwenyewe. Tukakubaliana, mimi na yeye, kwamba dada atamwona mbayuwayu akiruka kabla hicho cha pili hakijafika. Nilijipa kazi hiyo kwa roho yangu yote.

Lenzi ya kwanza aliichagua yeye, na mimi nikamwachia makusudi ajifunze. Wanaume wakiingia dukani wanakwenda moja kwa moja kwenye ile kubwa kuliko zote, na Tulia hakuwa tofauti. Milimita mia sita, kilo tatu na ushei. Siku ya tatu akarudi mabega yameshuka. Alikuwa na picha mia mbili na kumi za anga.

"Anga safi sana hilo," nikamwambia. "Hata halijatikisika."

Hakucheka. Nikamweleza kwamba lenzi inayovuta mbali namna ile inaona kipande kidogo tu cha anga, upana wa kitambaa cha mkono, na mpaka umtafute mbayuwayu humo ndani, yeye keshafika kwa jirani. Nikampa nyingine, ya mia moja hadi mia nne: unaanza kwa karibu ambako unaona eneo pana, ukishamkamata ndipo unamvuta. Kilo moja na nusu, mzigo ambao mtu anayemwinua mgonjwa kutwa nzima anaweza kuubeba. Kamera yake ya studio nayo nikamnyang'anya, maana ilikuwa ikipiga picha moja inameza mate kwanza ndipo ipige ya pili. Nikampa moja ya hizi za siku hizi zisizo na kioo ndani, iliyotumika kidogo, inayolitambua jicho la ndege na kuling'ang'ania. Mwenye duka, tajiri yangu, nilimwambia vimetoka kwa majaribio. Alinitazama usoni, hakuuliza majaribio ya nani.

Jumapili nikaenda kwao kumfundisha. Tulisimama uani, chini ya dirisha la mgonjwa, mbayuwayu wanatupita juu ya vichwa wakiingia na kutoka kwenye viota. Tulia akainua kamera, akafumba jicho moja, na kwa masikio yangu haya nikamsikia akisema taratibu, "Tulia."

"Wee! Unamwambia nani tulia?"

"Nimezoea," akasema, kamera bado iko usoni.

Kutoka dirishani ikaja sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mwezi wa pili. Dada yangu alikuwa anacheka. Kicheko cha nusu mdomo, chenye mate, lakini chake kabisa. Tukacheka na sisi mpaka Tulia akajishikilia ukutani, na alipoinua uso nikaona kwamba machozi yake hayakuwa ya kicheko.

Kosa lake halikuwa mikono, lilikuwa subira. Miaka yote ile alijizoeza kungoja kitu kitue, sasa kila picha ilikuwa ama ya mbayuwayu aliyekaa kwenye waya au ya waya mtupu. "Ukimwona ametulia, ujue umechelewa," nikamwambia. "Bonyeza kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hujawa tayari."

Nikamwekea kasi ya sehemu moja ya elfu tatu ya sekunde. Nikambana viwiko mbavuni, nikamwambia asizungushe mikono, azungushe kiuno kumfuata ndege. Akanijibu kwamba kiuno hicho kina miaka sitini na tisa, nisikiamrishe kama cha mtoto wa shule. Nikamwacha anahangaika, nikaingia ndani kumwona dada.

Alikuwa ameegeshwa kwenye mito, uso kuelekea ukuta wa mbele, ambako kulikuwa na kalenda ya mwaka juzi kwenye msumari. Nikampangusa mdomo. Akanitazama, akakusanya nguvu, nikaona shingo ilivyokaza. "Picha," akasema. "Ndege ile."

Na mimi, kwa ile sauti ya juu ya kuwasemesha wagonjwa ambayo Mungu anisamehe, nikamwambia, "Ndege *yule*, dada. Yule. Mumeo anampiga sasa hivi, utamwona."

Nilimsahihisha. Mimi! Yeye akanitazama kwa muda, kisha akafumba macho. Nilidhani amechoka, nikamvutia shuka, nikatoka.

Ilichukua wiki nyingine mbili. Tulia alikuwa akija dukani na kadi ya kamera kila jioni kabla sijafunga, tunaweka picha kwenye skrini, nafuta, nafuta, nafuta. Bawa moja. Mkia. Mbayuwayu mwenye umbo la doa la chai. Tukabishana kuhusu mwanga, tukabishana kuhusu stendi, ambayo aliipenda kwa sababu ya studio na mimi nikamkatalia kwa sababu inamfunga. Halafu siku moja picha ikafunguka pale kwenye skrini na mimi nikapiga ukelele hadi kinyozi akaja na mkasi mkononi. Mbayuwayu alikuwa katikati kabisa, mabawa yamefunguka yote mawili, kifua kinaelekea kwetu, mdomo wazi mbele ya mdudu ambaye bado hajaliwa. Jichoni mwake mlikuwa na nukta ya mwanga.

"Umempata, Tulia! Haki ya Mungu umempata!"

Yeye alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, mikono mapajani. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyepata. Nikasema ni uchovu.

Tukaichapisha kubwa, ukubwa wa trei, na Ijumaa mchana tukampelekea wote wawili. Tulia alikuja na kamera yake shingoni kama mtu anayekwenda kazini. Nikamwekea dada picha mkononi, ule wa kushoto, mzima. Aliitazama muda mrefu. Kidole gumba kilipita juu ya bawa, kikarudi.

"Mzuri," akasema.

Nikamgeukia shemeji kumpongeza. Dada akailaza picha kifuani, akainua mkono uleule na kuuelekeza ukutani. Sauti ikatoka kwa taabu, lakini ikatoka yote. "Ndege ile."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka nimsahihishe tena. Ulibaki wazi. Mzuri, alikuwa amesema. Angekuwa anaisifu picha, angesema nzuri. Alimsifu ndege mwenyewe, mwenye moyo, na akampa ngeli yake bila kukosea. Mtu aliyepotelewa na ngeli hawezi kusema *mzuri* halafu hapohapo akasema *ile*. Ile ni yenye injini. Nikafuata kidole chake mpaka kwenye kalenda, na kwenye msumari, na ndipo nikakumbuka ule msumari ulipigwa kwa ajili ya nini.

Ilikuwa miaka kumi na sita nyuma, siku binti yao alipoondoka. Sote tulisimama kwenye uzio wa uwanja wa ndege, na Tulia, aliyekuwa bado anatumia filamu wakati watu wote wameacha, alipiga picha ile ndege ilipokuwa inanyanyuka. Mikono ilimtetemeka. Ilikuwa picha pekee iliyotikisika katika maisha yake, ndege imevutika kama imefutwa kwa kitambaa kibichi. Aliionea haya, lakini dada akaiwekea fremu na kuitundika mbele ya kitanda. Alikuwa akitushika mkono na kutuonyesha: dirisha la tatu nyuma ya bawa, hapo, hicho cheupe, huo ni mkono wake anatupungia. Sisi tuliona ukungu. Miaka mitatu baadaye simu ikapigwa kutoka huko mbali kwamba binti aliugua siku nne tu na wameshamzika. Wiki ileile Tulia akaishusha picha, akasema fremu imepasuka, anaipeleka kubadilisha. Dada aliiulizia kwa miaka miwili. "Fremu gani hiyo, inafuliwa dhahabu?" Halafu akaacha kuuliza. Pale msumarini zikaanza kukaa kalenda.

Nikamgeukia shemeji yangu. Alikuwa anafuta kizingiti cha dirisha kwa kiganja. Nikamshika mkono, nikamtoa uani.

"Dada yangu hajakosea ngeli," nikasema.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mbayuwayu walikuwa wanapita. Nikamuuliza picha iko wapi. Akasema siku ile baada ya simu aliipeleka studio, akafunga mlango, akaichana. Negativu akaichoma. "Ulikuwa ukifungua macho asubuhi, inaondoka," akasema. "Ukilala, inaondoka. Kila siku mwanangu anaondoka pale ukutani. Nilishindwa, shemeji. Na kumwambia mama yake nikashindwa vilevile."

"Na mimi ukaniambia ngeli zimempotea!"

"Nilidhani akiona ndege mzuri ataisahau ile." Akalia kwa sauti, mzee wa watu, kamera inamgonga tumboni. "Nilitaka nimpe kitu."

Nilimwambia maneno ambayo dada yangu angeyasahihisha yote. Sijuti hata moja. Mwezi mzima mwanamke yule alikuwa anaomba kitu kimoja, kwa jasho, kwa lugha iliyonyooka, na sisi tunamletea lenzi. Na mimi nikamsahihisha. Nilipoishiwa pumzi nikamwambia aingie ndani akamwambie, sasa hivi, na akishindwa nitasema mimi.

Aliingia. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaichukua picha ya mbayuwayu kifuani kwa mkewe na kuiweka sakafuni. Mimi nilibaki mlangoni.

"Ile picha ya ndege," akasema. "Ile ya siku ile. Niliichana."

Dada yangu alimtazama mumewe, na ule upande wa uso uliokuwa bado hai ukafanya kazi kwa muda mrefu, mpaka nikadhani anashikwa tena. Kumbe alikuwa anatafuta neno.

"Viko wapi?"

Tulia hakuelewa, akanigeukia. Mimi nilielewa palepale, nikatamani nisingeelewa. Mumewe alikuwa hajatamka neno vipande, wala dada hakuwa na nguvu ya kulitamka. Aliitamka ngeli yake tu. Vipande vya picha viko wapi? Alikuwa tayari kuvipokea hivyohivyo.

"Anauliza vipande," nikasema.

Shemeji yangu akatikisa kichwa. "Sina," akasema. "Nilivitupa. Sina hata kimoja."

Akainama, akaweka paji la uso juu ya mkono wa mkewe, ule mzima. Nilikuwa nautazama mkono ule. Hakuuondoa. Hakumshika pia. Macho yake yalikuwa kwenye kalenda, na baada ya hapo, kwa siku zote zilizobaki, sikumsikia akiomba picha.

Cha pili kilikuja Alhamisi iliyofuata, kabla ya saa nne asubuhi, Tulia akiwa amekwenda kuchemsha maji ya kumwogesha.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa walimu. Mmoja wao, mama mnene mpole waliyefundisha naye miaka mingi, alikaa karibu yangu akanishika goti. "Afadhali amepumzika," akasema. "Nasikia hata lugha ilikuwa imempotea, maskini. Mtu kama yule, anakosea mpaka ngeli."

Nilivuta pumzi nimjibu. Lakini Tulia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti upande wa pili, akasimama. Watu wakanyamaza wakidhani anataka kutoa shukrani.

"Hakukosea," akasema. "Mke wangu hakukosea hata neno moja."

Yule mwalimu akababaika. "Samahani, baba. Ndivyo tulivyosikia. Kwani aliyekosea ni nani?"

"Mimi," akasema shemeji yangu.

"Na mimi," nikasema.